Viatu vya Nyumba Sitini

Habari hii nilipewa na shangazi mtu mwaka jana, wiki ile mvua ilipogoma kukatika. Alikuja kwangu kuazima sindano kubwa ya kushonea magodoro, mvua ikamfungia ndani, akakaa tangu asubuhi mpaka chai ya pili. Ni mtu wa maneno mengi, na macho yake ni mengi kuliko maneno. Aliyoyaona alinieleza, aliyoyasikia nyuma ya mlango alinieleza pia bila haya, na mawili matatu yaliyobaki niliyaokota baadaye kwa wenyewe. Mkono wangu ni mzito kuandika, lakini haraka sina.

Basi, huyo shangazi ana binti wa kaka yake, fundi wa mapazia. Mji mzima humwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Ni msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, shingo yake haikosi futi ya kupimia. Hata msibani aliwahi kwenda nayo shingoni, mpaka shangazi yake akaivua kwa nguvu mbele za watu.

Wawili hao walikuwa wakikaa kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba yake Fundi. Nyumba ya vyumba vitatu juu ya kilima, sebule pana, na ukifungua dirisha la nyuma unauona mlima wote mpaka kichwani. Kaka yake Fundi, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, alitaka iuzwe. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba nyumba ni kubwa mno kwa wanawake wawili na paa limeanza kuchoka. Fundi akamlilia: kaka, tuipangishe kwa watu wa likizo, nyumba itajilisha yenyewe. Kaka akawaza siku mbili, akakubali nusu nusu. Alisema ikifika Jumatatu ya kufunga shule na hakuna mgeni hata mmoja aliyeagiza kuja, dalali anaingia.

Fundi akapiga picha kwa simu yake, akaiweka nyumba kwenye mtandao wa wapangaji wa likizo. Wiki tatu zikapita. Hakuna aliyeuliza, hata kwa kukosea.

Ndipo akasema labda tatizo ni giza. Jumamosi akaenda duka la taa.

Duka lile Jumamosi huwa halina pa kuweka mguu. Mwenye duka ana kawaida ya kuijaribu kila taa kabla hajakukabidhi, basi duka zima linawaka na kuzimika kama radi iko mle ndani. Fundi alikuwa amevaa gauni la bluu lenye nyuzi nyuzi za kazini, mkono mmoja ameshika simu, mwingine boksi la taa saba. Nyuma yake alisimama kijana mwembamba, shati jeupe lililofuliwa mpaka likachoka, fulana ya mifuko mingi juu yake, na begani stendi ya kamera yenye miguu mitatu. Kijana hakuwa akitulia. Mara anahamishia stendi bega hili, mara lile, mara anahesabu taa zake upya.

"Samahani dada," akasema. "Hizo taa ni za nyumba moja au za nyumba mbili?"

"Za nyumba moja. Kwani wewe ni askari wa taa?"

"Hapana. Ila umechanganya nyeupe na za njano. Macho yako yatasamehe, kamera haitasamehe. Nusu ya chumba itatoka ina homa ya manjano, nusu imetoka mochwari."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Fundi hakucheka. Akamuuliza nani kamwambia kwamba anataka kupiga picha. Kijana akaonyesha kwa kidevu ile simu, ambayo kioo chake kilikuwa kimewaka na sebule yao imo ndani. Akaomba aione. Akaitazama sana, akaigeuza, akainamisha kichwa. Halafu akauliza kwa adabu kile kitu cha kahawia pale katikati ni mnyama gani.

"Ni kochi la marehemu baba yangu," Fundi akasema.

Kijana akatoa pole, pole ya kweli, na baada ya pole akasema neno ambalo Fundi aliondoka nalo dukani:

"Baba alikuwa na kochi zuri. Hii picha ndiyo imelionea."

Kumbe kazi yake ni hiyo hiyo, kupiga picha nyumba za kupangisha wageni. Wakapatana papo hapo, katikati ya ile radi: Fundi atamshonea shuka kubwa jeupe la kurudishia mwanga, yeye atapiga nyumba picha. Fundi akarudisha taa nyeupe zote.

Kijana alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hapigi picha siku ya kwanza. Hupita kwanza siku tatu, asubuhi, mchana na jioni, kutazama jua linaingia chumba gani saa ngapi. Shangazi alimwona anaranda na daftari, anachuchumaa koridoni, anafungua dirisha, analifunga, akaamini wameletewa kichaa. Chai alikunywa akiwa anatembea.

"Kijana, kaa," shangazi akamwambia. "Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa nalala, shangazi. Na nikilala sipati usingizi."

Shangazi akasema huo ni ugonjwa, akampa jina la Miguu Mitatu. Likamshika.

Siku tatu hazikumtosha. Alikuwa na nyumba nyingine za kupiga, upande wa pili wa mji, basi akaanza kumpigia Fundi simu. Kila simu ilianza namna moja: jua limefika wapi. Fundi, cherehani imejaa mapazia ya watu, alikuwa anafunga duka, anapanda kilima, anatazama, anapiga yeye. Limefika mguu wa meza. Limegusa kochi. Sasa liko ukutani, linateremka. Kijana huko aliko anaandika. Halafu daftari linafungwa, na simu haikatiki.

"Na wewe jua limekufikia wapi?" akamuuliza siku moja.

"Limenifikia shingoni. Linanichoma."

"Lina bahati."

"Wewe, andika kazi yako."

"Naandika. Shingo, saa tisa na robo."

Shangazi alisikia hilo kwa masikio yake, akiwa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Kuanzia siku ile Fundi akawa hakai mahali. Akishona, anashona mshono ule ule mara mbili. Akila, anaacha kijiko hewani. Shangazi akaona sasa ana wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja.

Siku ya picha ilikuwa Alhamisi, siku nne kabla ya Jumatatu ya kaka. Miguu Mitatu alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akatoa amri kama jemadari. Karatasi zote zitoke mlangoni mwa friji. Waya zifichwe. Mifagio, pipa la taka, mswaki wa choo, sabuni ya vipande, vyote nje, na mfuniko wa choo ulale. Mashuka yapigwe pasi yakiwa yamelala kitandani, si mezani. Shangazi akapewa jikoni, akatoa mabeseni kumi na manne ambayo hata yeye hakujua kama anayo.

Saa tatu, kabla kamera haijatoka mfukoni, simu ya Fundi ikalia. Mapazia aliyopeleka kwenye ukumbi wa harusi yalikuwa mafupi kwa kiganja kizima, na harusi ni kesho yake. Akamtazama Miguu Mitatu, akaitazama simu. Kijana akamwambia nenda, mimi na nyumba tunajuana. Fundi akaondoka mbio, na hakurudi mpaka saa kumi na mbili jioni, vidole vimevimba.

Picha zilikwisha kufika kwenye simu yake. Alikaa ukingoni mwa kochi, shangazi akimchungulia begani. Nasema hivi: shangazi aliniapia kwamba alitaka kuuliza hiyo ni nyumba ya nani. Sebule imejaa jua kama maziwa kwenye bakuli. Kochi la marehemu limekaa kama mzee mwenye heshima zake. Dirisha la nyuma liko wazi na mlima umesogea karibu. Machozi yakamlenga Fundi. Akasukuma kwa kidole, akaona jikoni, akaona bafu, akafika chumba kikubwa cha kulala.

Kitanda kimetandikwa, pembe moja imefunuliwa kidogo. Kwenye kiti, mtandio wa kike wa rangi ya ndimu umetupwa kana kwamba mtu ameuvua sasa hivi. Juu ya kijimeza, vikombe viwili. Na chini, kando ya kitanda, viatu vya kike, vya ngozi ya kahawia, vyenye bizimu ndogo ya kufungia pembeni. Kimoja kimelala ubavu.

Havikuwa vya Fundi. Havikuwa vya shangazi.

"Shangazi," Fundi akasema taratibu. "Yule alikuja na mtu?"

"Mtu gani? Alikuwa peke yake."

"Ulikuwa naye muda wote?"

"Muda wote. Nililala kidogo tu, kule nyuma kwenye mabeseni."

"Kidogo kiasi gani?"

Shangazi akakohoa. "Kuanzia saa nne."

Fundi akatafuta kwenye simu ukurasa wa Miguu Mitatu, pale anapoonyesha nyumba zote alizowahi kupiga. Nyumba ya kwanza, chumbani: mtandio wa ndimu kitandani. Nyumba ya pili: vile viatu mlangoni. Ya tatu: vikombe viwili barazani, viatu chini ya kiti, kimoja kimelala ubavu. Akahesabu nyumba sitini. Mwanamke haonekani, lakini hakosekani. Huyu kijana, akajiambia, ana mtu wake, na kila nyumba anayopewa funguo anakwenda kukaa naye humo, wanakunywa chai, wanalala kwenye mashuka ya watu, ndipo anapiga picha. Na mimi nikampigia pasi mashuka ya baba.

Usicheke. Mtu mwingine angeona viatu tu. Fundi kazi yake ni kuingia nyumba za watu, na alikwisha ona mengi nyuma ya mapazia.

Simu ikalia. Akaiacha. Ikalia tena, akaiacha. Ijumaa ikalia mara kumi na moja. Jioni ile akaipokea mara moja tu.

"Fundi, umeziona picha? Jua limefika wapi?"

"Limezama," akasema, akakata.

Sasa kasheshe ikawa hii: Jumatatu inakuja, picha zipo, na Fundi hataki kuziweka mtandaoni. Shangazi akambembeleza. Akasema weka sebule na jikoni, chumba kiache. Fundi akajibu kwamba zote zimepigwa siku moja, na huyo mwanamke alikuwa humu humu, labda hata bafuni alioga. Shangazi akamwambia utaipoteza nyumba ya baba yako kwa sababu ya viatu. Fundi akasema bora iuzwe ikiwa na heshima yake. Halafu akaenda kulala na gauni la kazini, akaamka, akatembea sebuleni, akarudi, akaamka tena. Kaka akapiga Jumamosi kukumbusha kwamba ameshazungumza na dalali. Fundi akamwambia sawa kaka, kwa sauti ndogo ambayo shangazi hakuwahi kuisikia kwake tangu msiba.

Na Miguu Mitatu huko kwake? Naye alikuwa ameshika kichwa. Alizipitia zile picha moja moja akitafuta kosa lake. Akakuza kila pembe. Na kwa kuwa mtafutaji hakosi kitu, Jumamosi jioni akakipata: kwenye picha ya sebule, pazia la kushoto, kulabu ya tatu kutoka ukutani haikushika, na mkunjo mmoja umening'inia vibaya. Amempigia picha fundi wa mapazia pazia lake likiwa limetenguka, tena aonwe na dunia nzima. Akajua kwa nini simu zake hazipokelewi.

Jumapili saa moja asubuhi akabisha hodi. Amevaa shati lile lile jeupe, sasa limepigwa pasi, na mkononi ana mfuko wake mwekundu wa vifaa. Fundi akafungua mlango robo. Nywele zake zilikuwa zimefungwa kitambaa, macho yamevimba. Shangazi alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na hayo yanayofuata ni yake neno kwa neno.

"Nimekuja kuomba msamaha," kijana akasema. "Kosa langu nalijua."

"Unalijua?"

"Nimeliona jana. Ni kitu kidogo, lakini kwa mtu kama wewe si kidogo."

"Kitu kidogo."

"Wengine wasingekiona kabisa. Nyumba zote nilizopiga, hakuna mwenye nyumba aliyewahi kulalamika."

Fundi akaufungua mlango wote, apate nafasi ya kumtazama vizuri. "Na huna hata aibu ya kuinamisha uso."

"Aibu ninayo, Fundi. Sikulala. Lakini ni kulabu moja, naomba unipe nafasi niirudishe."

"Kulabu gani?"

"Ya tatu. Pazia la kushoto."

Shangazi anasema alilazimika kuuma kanga yake. Fundi akaenda kuchukua simu, akarudi, akamwekea picha ya chumbani mbele ya pua. "Mimi nauliza hivi. Viatu vya nani?"

Miguu Mitatu akatazama picha, akamtazama yeye, na taratibu akaelewa. Akapiga magoti palepale barazani, akafungua ule mfuko mwekundu, akatoa kimoja kimoja: mtandio wa ndimu, vikombe viwili vilivyofungwa gazetini, kitabu kisicho na jalada, na vile viatu. Akaeleza kwamba chumba kisicho na dalili ya mtu, kwenye picha hutoka kama wodi. Mgeni anataka kuona kama kuna mtu ameamka sasa hivi, amekwenda kufungua dirisha. Ndiyo maana hubeba vitu vile nyumba hadi nyumba. Ni vifaa tu, kama stendi.

Fundi alikuwa karibu kucheka. Lakini mikono yake ilikwisha okota kiatu kimoja, na mikono ya fundi inajua kusoma. Kisigino kimelika upande wa nje. Ndani kuna alama za vidole vitano.

"Hivi havikununuliwa dukani kwa ajili ya picha," akasema. "Hivi vimevaliwa miaka."

Kijana akaanza kukunja mtandio.

"Vya nani?"

"Vya mtu niliyekuwa nimuoe," akasema. "Miaka miwili iliyopita. Alipohama alisahau vitu vyake mlangoni kwangu. Nikampigia, akasema tupa. Sikutupa. Nikavitia mfukoni kwa sababu sikujua pa kuviweka. Siku moja chumba kimoja kikawa kitupu sana, nikavitoa. Picha ikawa nzuri. Nikazoea."

"Kwa hiyo umemtandikia kitanda nyumba sitini."

Alivyolisema hakulisema kwa hasira. Ndiyo maana lilimwingia. Shangazi alimwona kijana amekaa chini kabisa, sakafuni, miguu mbele kama mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa.

"Sikuwahi kulihesabu hivyo," akasema.

"Na ya kwangu ikawa ya sitini na moja. Wewe unanipigia simu za jua, na chumbani kwa baba yangu unamwekea yeye viatu."

"Ndiyo. Nimeweka." Akasugua uso. "Sijui niseme nini cha kukupendeza, Fundi. Nilikuwa naviweka bila kufikiri. Ila siku ile, nilipokuwa nainama kuvipanga hapo kando ya kitanda, nilivihamisha mara nne. Kila nilipovitazama havikai. Nikadhani ni mwanga."

Fundi akaketi naye kwenye kizingiti. Ni shangazi aliyetoka jikoni, akapita katikati yao, akavaa vile viatu, akatembea navyo hatua tatu kwenda na tatu kurudi.

"Vinanitosha," akasema. "Nilikuwa sina vya kwendea sokoni. Nyinyi amkeni, jua liko chumbani na halina nusu saa."

Wakakimbia. Wakapiga chumba kile upya, jua linateremka ukutani na Miguu Mitatu anahesabu kwa sauti. Hawakuweka mtandio wala vikombe. Fundi alisimama mlangoni akasema ni kweli, kinaonekana kama wodi. Basi akavua ndala zake za nyumbani, za plastiki, zilizonasa vipande vya nyuzi, akaziweka kando ya kitanda. Akamwambia naye avue. Kijana akasema viatu vyake ni vibaya, soli imepasuka, mgeni atakimbia. Fundi akasema avue hivyo hivyo. Akavivua, akavipanga upande wa pili, soksi moja ikiwa na tundu la kidole gumba, na Fundi akacheka mpaka akashika ukuta.

Picha zikapanda mtandaoni saa nne. Ile ya sebule pia, baada ya kulabu kurudishwa.

Halafu kungoja. Simu ilikaa juu ya meza kama mgonjwa, watatu wameizunguka. Saa sita, kimya. Saa tisa, mtu mmoja aliuliza kama mbwa anaruhusiwa, akajibiwa ndiyo, akapotea. Jioni, kimya. Miguu Mitatu alitembea sebuleni mpaka shangazi akamtuma maji ambayo hayakuhitajika.

Jumatatu saa tatu asubuhi dalali akafika, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, akaanza kupima ua kwa hatua zake. Fundi alisimama barazani amejikumbatia. Dalali alikuwa kwenye hatua ya thelathini na kitu simu ilipoita mlio wa ujumbe. Familia ya watu watano, usiku saba, kuanzia Jumatano. Wameandika kwamba wameipenda kwa sababu inaonekana ina watu wanaoishi humo.

Fundi akausoma mara mbili, akampa dalali ausome, akampigia kaka, akamsomea. Kaka akauliza kwenye chumba chake cha zamani atalala nani. Fundi akasema watoto. Kaka akasema basi waambieni dirisha lile linakwama, wasukume kutoka chini. Akamtaka dalali azungumze naye. Dalali akasikiliza, akarudisha kalamu sikioni, akaaga.

Walishangilia vile wanavyoshangilia watu wazima, kwa kupigana mabega. Ni shangazi aliyekata furaha. Alikuwa amekaa na kikombe, akauliza jambo ambalo kwa wiki zote hizo, kwa hesabu zote za jua na mabeseni, hakuna aliyeliwaza.

"Na sisi usiku saba tutalala wapi?"

Wakatazamana. Ni kweli, mgeni akiingia, mwenyewe hutoka. Fundi akasema yeye anaweza kulala dukani, chini ya meza ya kukatia. Shangazi akasema mgongo wake haulali chini ya meza. Hapo Miguu Mitatu akasafisha koo, akasema kwa mama yake kuna vyumba viwili havina mtu, na mama anapenda watu.

"Ahsante," shangazi akasema. "Tutaingia kwa mama yako kama nani?"

"Kama wageni."

"Mimi ni mgeni, sawa. Bibi kizee hana maswali. Huyu binti wa watu anaingia na begi la nguo kwa mama wa kijana, analala siku saba, anatoka. Majirani wakiuliza, mama yako awajibu ni nani?"

Kijana akamtazama Fundi. Shangazi anasema hakupiga magoti wala hakushika moyo. Alisimama tu, mikono haijui iende wapi, akasema:

"Awajibu ni mkwe wake. Kama mwenyewe atakubali."

Fundi akageuza uso dirishani kwa muda wa kutosha kumtesa mtu. Kisha akasema hawezi kujibu neno kama hilo akiwa na usingizi wa siku nne machoni. Nyumba ya mtu huijui mpaka umelala ndani yake, hata yeye wateja wake huwaambia hivyo.

"Nitakwenda," akasema. "Nikilala vizuri kwa mama yako, nitakujibu nikiamka."

Jumatano waliamka alfajiri, wakasugua nyumba sakafu hadi dari. Saa sita wageni wakaingia, watoto watatu wakakimbilia dirisha la nyuma, na Fundi akawakabidhi funguo. Saa nane walikuwa kwa mama mtu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, aliyewapokea mabegi na kumwangalia Fundi tangu kichwani hadi miguuni, kisha akasema tu kwamba amechoka huyu, apelekwe kitandani kabla ya kula. Chumba kilikuwa kidogo, kina harufu ya nguo zilizoanikwa juani. Mama akafunga dirisha, naye akaenda kujinyoosha chumbani kwake.

Shangazi akavuta kiti, akakiweka koridoni katikati ya milango. Alisema hakuja kwenye nyumba ya watu kufumba macho.

Baada ya robo saa Miguu Mitatu akatokea, miguu pekupeku, ananyata.

"Shangazi. Amelala?"

"Amelala."

"Vizuri?"

"Anakoroma kama trekta. Nenda zako."

Kijana akasimama, akasikiliza mwenyewe mlangoni. Uso ukamfunguka. Akakaa chini palepale koridoni, mgongo ukutani, akasema atangoja hapa hapa mpaka aamke. Shangazi akamwambia kungoja kwake anakujua, atamzungusha kichwa. Hakujibiwa. Akainama kumtazama. Kichwa kilikuwa kimeanguka begani, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani, na pumzi inaingia na kutoka bila haraka yoyote.

Shangazi akasikiliza milango yote. Mama huku, Fundi huku, kijana miguuni pake. Jua la alasiri lilikuwa bado nje na watoto wa jirani wanapiga kelele. Akavua viatu, akapandisha miguu kwenye kiti, akajifunika kanga, akafumba jicho moja kwanza, kisha na la pili.